Fyuzi ya taa za trela inakata kila ukiweka mpya? Weka balbu mahali pake

Nimevuta trela kwa pikapu kwa miaka kumi na minne, mara nyingi mbao, wakati mwingine matanki ya maji, na hakuna kilichonisumbua kama fyuzi ya taa za trela. Tairi likipata pancha utalisikia. Breki ikishika utainusa. Fyuzi inakata kimya. Taa zako za mbele zinaendelea kumulika barabara vizuri, kumbe nyuma unakokota mita nne za chuma na mbao bila hata taa moja.

Usiku mmoja nilisimama kukaza kamba za mzigo. Niliposhuka nikamkuta mwendesha pikipiki amesimama hatua mbili nyuma ya trela, mguu mmoja chini, anahema. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Mzee, sikukuona." Fyuzi ilikuwa imekata bila mimi kujua, na sikuweza kumwambia imekata tangu saa ngapi. Tangu usiku ule, taa za trela kwangu ziko daraja moja na breki.

Kwa hiyo naomba unisikilize kwenye jambo moja. Fyuzi ikikata mara moja, badilisha uone. Ikikata mara ya pili, usiweke ya tatu. Mara nyingi kuna mahali umeme unakimbilia kwenye chuma, yaani shoti, na kila fyuzi mpya unayoweka inakatika kabla hujapata nafasi ya kuona ni wapi. Unahitaji kitu kitakachokaa mahali pa fyuzi bila kuungua, kikuonyeshe shoti ikiwa bado ipo, uifuate mpaka uifikie. Kitu hicho ni balbu ya kawaida ya volti 12, wati 21.

Soma fyuzi iliyokufa

Kabla ya balbu, itoe fyuzi iliyokata uishike kwenye mwanga. Ikiwa plastiki yake imeingia weusi na kale kawaya ka ndani kametoweka kana kwamba kamerushwa, hiyo ni shoti kamili: umeme mwingi ulipita kwa mara moja. Ikiwa plastiki bado safi na kawaya kameyeyuka taratibu katikati, mara nyingi ni mzigo wa umeme uliozidi. Hizo ni safari mbili tofauti, na ukizichanganya utapoteza siku nzima.

Mzigo unahesabika kwa kalamu. Balbu ndogo ya nyuma ni wati 5, balbu ya breki ni wati 21, na ya indiketa ni wati 21 pia. Gawanya wati kwa volti 12 upate ampea: ile ya wati 5 inakula kama ampea 0.4, ile ya wati 21 inakula 1.75. Tuseme trela ina taa mbili ndogo za nyuma, moja ya namba na sita za pembeni. Hizo ni wati 45, karibu ampea 3.75. Kama fyuzi hiyohiyo inalisha na taa ndogo za pikapu yenyewe, mbili za mbele, mbili za nyuma na ya namba, ongeza kama ampea 2. Jumla haifiki 6, na fyuzi ya ampea 10 inabeba bila shida. Sasa mtu akipanga taa ishirini za mapambo kando ya trela, kila moja wati 5, ameongeza zaidi ya ampea 8. Jumla imefika 14. Fyuzi ya 10 itakaa sekunde kadhaa, pengine dakika kadhaa, kisha itakata, na hapo hakuna waya uliochunika popote. Dawa yake ni kupunguza taa, kuweka za LED ambazo zinakula kidogo sana, au kuzipa mapambo waya wao wenye fyuzi yao.

Dawa isiyokubalika ni kuweka fyuzi kubwa. Fyuzi za meno bapa zinajulikana kwa rangi: kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Mimi niliwahi kusaidiwa njiani na fundi aliyetoa nyekundu akaweka kijani, akaniambia hii haitakata. Kweli haikukata. Kilichoungua ni waya. Niliponusa plastiki ndani ya gari nilikuwa nimeshaenda karibu nusu saa, na nilipofungua chini ya bodi nilikuta nyaya tano zimeyeyuka na kushikana kama mshumaa, urefu wa karibu mita mbili. Fyuzi inapimwa kwa unene wa waya inaoulinda. Waya ukiwa wa ampea 10, fyuzi ni ya 10, hata kama ndiyo ya mwisho uliyo nayo.

Jiulize pia inakata lini. Ukiwasha taa ndogo tu? Ukikanyaga breki? Ukiwasha indiketa ya upande mmoja? Ukiingiza rivasi? Jibu linakupa waya mmoja kati ya saba za plagi ya trela, na umeshapunguza kazi kubwa. Ikiwa inakata gari likitembea tu, au kwenye kona, au barabara mbovu, basi ni waya uliochunika unaogusa chuma na kuachia. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo balbu inaimudu.

Chomoa trela kwanza

Zima kila kitu, chomoa plagi ya trela kwenye soketi ya pikapu, weka fyuzi moja ya kiwango sahihi, washa taa moja baada ya nyingine. Fyuzi ikishika, pikapu yako ni nzima na ugonjwa uko kwenye plagi au trela. Ikikata na trela iko pembeni, ugonjwa uko kwenye gari.

Ugonjwa ukiwa kwenye gari, anza na soketi iliyo chini ya bampa. Inapigwa maji, matope na vumbi kila siku, na ndani yake utakuta unga wa kijani unaounganisha tundu moja na jingine. Fungua mgongo wake uangalie nyaya zinapoingia. Kisha ufuate waya kwenda mbele, ukitazama hasa pale ambapo mtu aliunga waya wa trela juu ya waya wa taa za nyuma za gari. Gari lililoungwa hivyo linajitangaza lenyewe: fyuzi ya trela ikikata, taa ndogo za gari nazo zinazimika, na kwa magari mengi hata mwanga wa dashibodi unapotea.

Pikapu nyingine zina fyuzi na rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) za trela peke yake, kwa kawaida kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, na kifuniko cha boksi kina mchoro. Usome. Nimeona watu wakibadilisha fyuzi ya redio wakitafuta ya trela.

Balbu badala ya fyuzi

Chukua balbu ya volti 12 wati 21 pamoja na holda yake. Unganisha nyaya mbili, kila mmoja urefu wa mita moja, na mwisho wa kila waya weka kiungio bapa kinachoingia kwenye nafasi ya fyuzi. Basi, kifaa kimekamilika. Changu kimefungwa tepu nyeusi, na kinakaa kwenye droo ya dashibodi.

Toa fyuzi, chomeka kifaa hicho mahali pake, washa taa ya njia unayoitilia shaka. Umeme sasa lazima upite kwenye balbu yako kabla ya kwenda kwenye trela. Kama kuna shoti kamili, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, kwa sababu upande wa pili umeme unaenda moja kwa moja kwenye chuma. Na hata shoti iwe mbaya kiasi gani, balbu haitaruhusu zaidi ya ampea 1.75 kupita, kwa hiyo hakuna waya utakaopata moto. Unaweza kuiacha inawaka huku wewe unatafuta kwa utulivu. Shoti ikiondoka, balbu inazima.

Jambo moja linawakwaza wengi hapa: balbu za trela zenyewe nazo ni njia ya umeme kwenda ethi, yaani chuma na waya unaorudisha umeme kwenye betri. Ukiziacha, balbu yako itawaka nusu nusu usijue unatazama shoti au taa za kawaida. Toa balbu zote za njia hiyo kwenye trela kwanza, na za gari pia kama fyuzi hiyohiyo inazilisha. Zikishatoka, balbu yako inatakiwa kuzima kabisa. Ikiwaka, ni shoti.

Wenye mita ya kupima umeme wanaingia kwenye mtego uleule. Wanaweka mita kwenye mlio, wanagusa tundu la breki na ethi, mita inalia, wanasema shoti ndiyo hii. Waya wa ndani wa balbu ya wati 21 ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, chini ya omu moja au karibu na hapo, na mita italia hata kama kila kitu ni kizima. Toa balbu, ndipo uisikilize mita.

Kama pikapu yako ni ya kisasa na taa zake zinaendeshwa na kompyuta, usichomeke balbu kwenye boksi la fyuzi. Tumia betri ya pembeni ya volti 12. Trela ikiwa imechomolewa, unganisha hasi ya betri na pini ya ethi ya plagi, kisha kutoka chanya pitia kwenye balbu yako uguse pini moja moja. Siku hizi mimi natumia njia hii hata kwenye gari la zamani, kwa sababu naweza kukaa kwenye kigoda mbele ya trela bila kukimbia huku na huko.

Ili ujue pini ipi ni ipi: kwenye plagi ya duara ya pini saba ya mfumo wa Ulaya, namba zimeandikwa ndani, herufi ndogo sana. 1 ni indiketa ya kushoto, waya wa njano. 2 ni taa ya ukungu, bluu. 3 ni ethi, mweupe. 4 ni indiketa ya kulia, kijani. 5 ni taa ndogo ya kulia, kahawia. 6 ni breki, mwekundu. 7 ni taa ndogo ya kushoto, mweusi. Plagi bapa ya mfumo wa Marekani yenye nyaya nne ni tofauti: mweupe ni ethi, kahawia ni taa ndogo zote, njano ni indiketa na breki ya kushoto kwa pamoja, kijani ni ya kulia vivyo hivyo. Na kwenye plagi yao ya pini saba, waya mweusi unabeba umeme wa betri moja kwa moja. Tazama hatari iliyopo: mweusi kwa mfumo mmoja ni taa ndogo, kwa mwingine ni betri. Trela iliyopita mikono ya mafundi watatu usiiamini rangi yake hata kidogo. Pima kila waya.

Siku ya waya wa kahawia

Trela yangu ya mbao ilikuwa inakata fyuzi ya taa ndogo za kulia, lakini kwenye kona za kushoto tu. Imesimama uwanjani, inawaka vizuri. Nilikuwa nimeshapoteza fyuzi sita.

Niliweka betri pembeni, nikatoa balbu za njia hiyo, nikagusa pini namba 5. Balbu yangu kimya. Nikamwita binti yangu akae mbele ya balbu, mimi nikaanza nyuma ya trela, nikishika waya kila shibiri na kuutikisa. Nyuma hakuna kitu. Chini ya bodi hakuna kitu. Nilipofika kwenye mkono wa kuvutia, pale waya unapoingia ndani ya bomba la chuma, nikauvuta kidogo kuelekea kulia.

"Imewaka, baba."

Nikaachia.

"Imezima."

Nikavuta tena. "Imewaka. Hapo hapo, baba, usitoe mkono."

Tundu la bomba lilikuwa na raba zamani. Ilikauka, ikapasuka, ikadondoka, na ukingo wa chuma ukabaki wazi kama kisu. Ganda la nje lilikuwa na mkato wa urefu wa ukucha, na ndani yake ganda la waya wa kahawia limelika upande mmoja tu. Shaba ilikuwa inang'aa, imesuguliwa ikawa safi kuliko shaba ya waya mpya. Gari likikata kona ya kushoto, waya unavutwa upande ule, shaba inalala kwenye ukingo, fyuzi inakufa. Kazi yote ilichukua dakika ishirini, baada ya wiki mbili za kununua fyuzi.

Mahali pengine pa kutazama

Plagi yenyewe ndiyo naikuta na kosa mara nyingi zaidi. Fungua skrubu uitoe ganda. Ndani kuna nyaya saba zimebanwa kwenye nafasi isiyozidi kiganja cha mtoto, na mara nyingi uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, haukuingia kwenye tundu lake na umelala juu ya pini ya jirani. Huo mmoja unatosha. Tazama na mahali waya unapoingia kwenye plagi: kama kibanio hakishiki ganda la nje, kila mvuto unafika kwenye nyaya za ndani na kuzichomoa kidogo kidogo.

Kisha urefu wa waya kati ya trela na gari. Ukiwa mrefu unaburuzika barabarani mpaka unalika. Ukiwa mfupi unakatika kwenye kona. Unatakiwa uning'inie kwa tao moja, usiguse lami, na ubaki na nafasi hata pikapu ikikunja mpaka mwisho.

Ndani ya taa, fungua kioo uangalie holda. Ulimi wa shaba unaogusa kitako cha balbu ukipinda unaweza kugusa ukuta wa chuma wa holda, na huo ukuta ndio ethi. Balbu ya njia mbili, ile ya wati 21 na 5, ina vichomozi viwili vya pembeni visivyokaa kimo kimoja, makusudi, ili iingie upande mmoja tu. Mtu akiilazimisha kinyume, breki na taa ndogo zinabadilishana na holda inaharibika. Na kama taa ilibadilishwa hivi karibuni, chunguza skrubu zake. Nimekuta skrubu mpya, ndefu kuliko ya awali, imetoboa waya nyuma ya bati.

Viungio vile vya plastiki vya kubana waya juu ya waya bila kuumenya mimi nimeviacha kabisa kwenye trela. Vinakata nyuzi za shaba, vinaingiza maji, na baada ya mvua kadhaa unakuta unga wa kijani.

Neno juu ya ethi, kwa sababu watu wengi huanza nayo. Ethi mbovu inafanya taa ziwe hafifu, indiketa ikiwaka na breki nayo inapepesa, taa ya kushoto inawaka ukiwasha ya kulia. Hiyo ni kazi ya kurekebishwa, lakini ethi mbovu peke yake kwa kawaida haikati fyuzi, kwa maana inapunguza umeme unaopita. Fyuzi ikikata, tafuta mahali waya wa moto, yaani wenye umeme, unagusa chuma.

Ukishapata

Usizungushe tepu tu uondoke. Kata sehemu mbovu mpaka ufikie shaba isiyo nyeusi, unganisha, lehemu kwa risasi au bana kwa kiungio cha shaba kwa koleo lake, kisha uvike mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Kumbuka kuuvika mrija kwenye waya kabla ya kuunganisha. Kama ganda limelika sehemu nyingi, badilisha waya wote; mimi naweka wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa ethi. Kila tundu la chuma ambalo waya unapita liwe na raba, na waya ufungwe kwenye chasisi ili usicheze na barabara. Soketi isugue, ikaushe, ipake grisi ya viungio vya umeme.

Kisha jaribu kabla hujarudisha fyuzi. Balbu yako ikiwa bado kwenye njia, balbu za trela zikiwa nje, mwenzio atazame huku wewe unatikisa waya kutoka plagi hadi taa ya mwisho. Ikibaki kimya mwanzo hadi mwisho, rudisha balbu za trela, weka fyuzi ya kiwango chake, unganisha trela, na mwombe mtu asimame nyuma huku unawasha moja moja: ndogo, breki, kushoto, kulia. Kunja pikapu mpaka mwisho pande zote mbili na trela ikiwa imefungwa, taa zikiwa zinawaka.

Baada ya kilomita tano hivi za mwanzo, simama mahali salama, zunguka nyuma uzione taa kwa macho yako, na ushike waya karibu na plagi kwa kiganja. Unatakiwa uwe baridi. Ukihisi joto, zima taa, chomoa, na urudi kwenye balbu.